Ukoo wa Mjenzi, kutoka Masasi hadi Msamala

Msamala, kata ya Manispaa ya Songea, si mahali ambapo mtu angetazamia kufuatilia ukoo wa mjenzi Mwingereza wa karne ya 19. Wazungu wa kwanza kujenga Songea walikuwa Wajerumani: wanajeshi waliosimamisha boma mwaka 1897, kisha wamisionari Wabenediktini waliofungua Peramiho, magharibi mwa mji, mwaka 1898. Hata hivyo nimeifuata barabara ya Masasi, Tunduru na Namtumbo hadi huku nikiwa na hoja moja ninayotaka kuitetea. Nadai kwamba historia ya familia ya Waingereza waliohamia kusini mwa nchi yetu katika miaka ya 1870 na kujenga huko haiwezi kukamilika katika hifadhi za nyaraka za Uingereza, wala katika makaburi ya parokia walikozaliwa. Sehemu yake kubwa, na iliyopuuzwa kuliko zote, imo katika koo za Songea. Imo kwa watu wanaojiita Wangoni kwa haki kamili, na ambao katika orodha ya mabibi zao yupo aliyeletwa kutoka mashariki bila jina lake kuandikwa popote.

Waingereza wana desturi iliyokomaa ya kuwatafuta mababu zao, na wana nyenzo za kuaminika. England na Wales zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo serikalini mwezi Julai 1837. Sensa ilianza mwaka 1801, na kuanzia ile ya 1841 watu wa kila nyumba waliandikwa kwa majina, pamoja na umri na kazi zao. Hivyo mjukuu wa mwashi au seremala aliyepanda meli kwenda Australia au Rasi ya Tumaini Jema anaweza kumkuta babu yake akiwa mtoto kwa wazazi wake, akamkuta tena akijifunza kazi kwa fundi, kisha akamkosa katika sensa inayofuata na kuelewa kuwa hapo ndipo alipoondoka. Waingereza wapatao 4,000 walioshuka Ghuba ya Algoa, Afrika Kusini, mwaka 1820 wamefuatiliwa hivyo, hata wazao wao wengi wanaijua meli iliyomleta mkubwa wao. Nauheshimu utaratibu huo, na ningependa kila ukoo wa Songea uwe na nusu yake. Lakini una upungufu mmoja mzito. Unafuata damu na jina la baba, na kwa hiyo unamtazama mjenzi kana kwamba aliinua kuta peke yake. Aliyekanyaga udongo, aliyebeba mawe kichwani, aliyechoma chokaa na aliyepika chakula cha vibarua hawamo, kwa sababu hawakuwa wa jina lake. Kwa mjenzi aliyehamia Australia pengo hilo ni kubwa. Kwa mjenzi aliyekuja kwetu, pengo hilo ni karibu familia yote.

Sababu ni kwamba Waingereza waliojenga kusini walikuwa watu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA, misheni iliyozaliwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Wengi wao hawakuwa mafundi kwa asili. Edward Steere, aliyezaliwa London mwaka 1828, alisomea sheria kabla ya kuwa padri. Akafika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Ni yeye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini kwenye uwanja wa soko la watumwa, soko lililofungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na Krismasi ya 1877 ibada ilisaliwa ndani yake. Paa lake ni kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, na bado limesimama. Chauncy Maples, aliyezaliwa mwaka 1852, mtoto wa mwanasheria, alikuja mwaka 1876, na rafiki yake wa Oxford, William Percival Johnson, alikuja mwaka huohuo. Nawaita wajenzi bila kusita, kwani misheni ya wakati ule ilikuwa kwanza kazi ya kukata miti, kupima ardhi, kufyatua tofali na kuezeka, na mahubiri yalifuata kadiri paa lilivyoruhusu.

Watu hawa hawakuacha watoto huku. Desturi ya UMCA ilikuwa mmisionari kuishi bila ndoa na bila mshahara, akitunzwa kwa chakula na mahitaji tu. Steere alikuwa na mke, lakini mke huyo alibaki Uingereza. Maples alizama katika Ziwa Nyasa Septemba 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma. Johnson alizeeka kando ya ziwa hilohilo, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, katika mkoa huuhuu wa Ruvuma. Kwa kanuni za mwandishi wa nasaba hadithi ingeishia hapo: wanaume watatu, makaburi matatu, hakuna mzao. Na kwa upande wa Uingereza kumbukumbu zao zilitunzwa vizuri sana. Dada yake Maples alikusanya barua za kaka yake na kuzichapisha mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya msiba. Kila ninapofikiria kazi ile ya dada mwenye uchungu, naiona thamani ya ndugu anayejua kuandika. Nao wale waliojenga pamoja na Maples walikuwa na dada pia.

Tuingie Masasi, maana hapo ndipo hoja yangu inaposhika mizizi. Mwaka 1876 Steere aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake zaidi ya 50. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa, upande ambako wengi wao walitekwa wakiwa wadogo. Walipofika chini ya majabali ya Masasi, safari ilikoma. Ardhi ilikuwa nzuri, maji yalikuwepo, na kusonga mbele kulikuwa na hatari, kwa hiyo wakajenga palepale. Miongoni mwao alikuwa John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka 1864 baada ya kutolewa kwenye jahazi la watumwa. Mwaka 1879 akawa shemasi. Huyu tunamjua kwa jina kwa kuwa alipanda daraja la kanisa. Wenzake walifungua mashamba, wakafunga ndoa, wakazaa, wakajenga kijiji chenye barabara iliyonyooka na nyumba zilizopangwa. Maples alipokuwa msimamizi wa kituo, alijenga kwa mikono yao. Kama neno familia lina maana ya watu wanaokaa boma moja, wanaokula kwa jasho la pamoja, wanaozikana na kulea watoto wa kila mmoja, basi hiyo ndiyo familia pekee ambayo mjenzi Mwingereza aliipata katika nchi hii.

Familia hiyo ilivunjwa Septemba 1882. Steere alikuwa amefariki Zanzibar wiki chache tu kabla, na habari za msiba huo zilikuwa bado mbichi wapiganaji wa Wangoni, ambao watu wa mashariki waliwaita Wamagwangwara, walipoiteka Masasi. Baadhi ya wakazi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kijiji kikachomwa. Maples na waliosalia walihamia Newala, kwa chifu Matola, kutafuta hifadhi. Hapo ndipo vitabu vingi vya misheni vinapogeuza uso kuelekea Newala na kuendelea na habari za kanisa. Mimi nageuka upande wa pili, kuwafuata mateka. Walipelekwa magharibi, kwa njia ambayo leo basi huikata kwa siku moja: kutoka kwenye mikorosho ya Masasi, kupita Tunduru, hadi kwenye nchi ya juu yenye baridi ya asubuhi, chini ya milima ya Matogoro. Mto Ruvuma, ambao vyanzo vyake viko katika milima hiyo, hutiririka mashariki na kupita kusini mwa Masasi na Newala. Watu hao walikuwa wakipanda kuelekea chimbuko la mto waliouzoea kwao. Mmisionari mmoja wa UMCA, W. C. Porter, aliwafuata hadi nchi ya Wangoni kuulizia habari zao. Safari yake ni ushahidi ninaouthamini sana, kwa sababu inaonyesha kuwa wakati uleule wamisionari wenyewe walijua vizuri kwamba watu wa Masasi walikuwa Songea.

Walifika kwenye jamii ya namna gani? Wangoni nao walikuwa wahamiaji, na waliondoka kusini mwa bara katika miaka ileile ambayo Waingereza wa Algoa walikuwa wakishusha mizigo yao. Zwangendaba alivuka Zambezi na watu wake Novemba 1835, akafariki Ufipa katika miaka ya 1840, na baada ya kifo chake makundi yakagawanyika. Yaliyoongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete yalishuka hadi Songea, yakawakuta Wangoni wa Maseko wakiongozwa na Mputa, yakapigana nao na kuwaondoa, na kutokana na hayo zikasimama dola mbili, Njelu na Mshope. Waliotoka kusini kabisa walikuwa wachache. Njia nzima walichukua watu: Wakalanga, Wasenga, Watumbuka, na hapa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena na Wayao. Walioingizwa waliitwa Wasutu, na walikuwa wengi kuliko waliowaingiza. Watoto wa mateka walikua vitani na mashambani wakiwa Wangoni. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni lugha. Lugha iliyotoka kusini ilipotea vinywani, na Kingoni kinachosikika leo Songea kiko karibu zaidi na lugha za wenyeji wa kusini mwa Tanzania. Baba alitoa jina la ukoo, lakini mtoto alijifunza kusema mapajani mwa mama, na mama huyo mara nyingi alikuwa mtu wa kuletwa.

Hapa napinga kwanza pingamizi la mwandishi wa nasaba. Atasema kuwa naongeza maji kwenye neno familia. Kwamba vibarua na waumini wa Maples si ukoo wake, na mateka walioingia Ungonini walikwisha kuwa ukoo wa watu wengine. Jibu langu ni kwamba kanuni ya damu peke yake haijawahi kutosha kuieleza nchi hii, na hata Songea mwenyewe asingepita katika kanuni hiyo. Songea Mbano, nduna mkuu wa Njelu ambaye mji unabeba jina lake, alikuwa wa asili ya Kikalanga, watu waliopokelewa katika msafara wa Wangoni, na hakuna anayethubutu kusema hakuwa Mngoni. Ikiwa ukoo hapa ulipanuka kwa kupokea, basi kuandika historia yake kwa kufuata mbegu ya baba tu ni kutumia kipimo ambacho wahusika wenyewe hawakukitumia. Tena mmisionari alikifahamu kipimo hiki kingine: aliwabatiza watu hawa, akawapa majina, akawasimamia ndoa zao, akawaita wanawe. Siwezi kukubali kwamba neno hilo lilikuwa la kweli siku ya ubatizo na likawa la adabu tu siku ya kuandika nasaba.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwetu wenyewe. Mtu wa Msamala anaweza kuuliza kwa nini namrudisha Mzungu katikati ya hadithi ya mateka, na kwa nini nazungumza kwa upole kuhusu kupokelewa, ilhali kupokelewa huko kulianza kwa mkuki. Ana haki. Kijana aliyechukuliwa Masasi alitekwa mara ya pili katika maisha ya wazazi wake au yake mwenyewe, na hakuna desturi yoyote ya baadaye inayofuta jambo hilo. Wala wajenzi wa misheni hawakuwa watazamaji wasio na neno. Karibu na Peramiho, mmisionari aliichoma nyumba ya mahoka ya nkosi (mtawala) Mputa Gama, si yule Mputa wa Maseko; nyumba hiyo ilikuwa mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa, na vita vya Maji Maji vilipofika mwaka 1905, Peramiho nayo ilichomwa. Anayejenga nyumba ya ibada huku akibomoa nyingine anaacha deni katika kumbukumbu za watu. Lakini naona deni hili linaunga mkono hoja yangu. Historia ya familia isiyoonyesha nani alimteka nani, nani alichoma kwa nani, na nani alilelewa na aliyemteka, ni historia ya kupamba sebule. Simrudishi mjenzi katikati ili asifiwe. Namrudisha kwa kuwa alikuwa mwenye kalamu, na pale kalamu yake ilipoacha ndipo majina ya wenzake yalipopotea. Lazima aulizwe.

Pingamizi la tatu ni la mtafiti: ushahidi uko wapi? Nani anaweza kunyoosha kidole Msamala na kusema huyu ni kitukuu wa Masasi ya 1882? Nakiri kwamba damu haisomeki usoni. Lakini njia zipo, na moja imekwisha kujaribiwa kwa jambo zito zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji 67 hapa Songea, Mputa Gama akiwa mmoja wao. Songea Mbano aliuawa baadaye mwaka huohuo, na familia yake inashikilia kuwa kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Makumbusho ya Maji Maji, akakutana na wazao wa Songea na kuomba msamaha. Mwezi Septemba mwaka huohuo taasisi ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu matatu kutoka Tanzania na ndugu walio hai, mojawapo likitajwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Kichwa cha Songea bado kinatafutwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba maabara hiyo isingekuwa na kazi yoyote kama familia zisingekuwa zimehifadhi mdomoni, kwa zaidi ya miaka 100, jina la mtu, siku ya kifo na habari ya kichwa. Mdomo ulitangulia, karatasi ikafuata, damu ikaja ya mwisho.

Utaratibu huohuo ndio ninaoutaka kwa mateka wa Masasi. Mdomo upo: mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kusini wakiandika simulizi za wazee kuhusu Maji Maji, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Elzear Ebner, Mbenediktini wa Peramiho, aliandika historia ya Wangoni kutokana na yale aliyoyasikia kwa wazee hao na waliowatangulia. Wote walikuwa wakitafuta vita na watawala, na ni sawa, lakini simulizi za vita hubeba ndani yake habari za bibi aliyetoka wapi. Karatasi ipo pia. Vitabu vya ubatizo vya Peramiho vinaandika majina ya wazazi na wasimamizi, kwa watu ambao baadhi yao walizaliwa na kizazi cha mateka. Na kumbukumbu za UMCA, barua na taarifa za vituo, ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian.

Hapo ndipo ninapoona ukosefu wa haki ulio hai, ambao hauhitaji miaka 100 kuusahihisha. Mzao wa kaka au dada wa Maples akitaka kujua ndugu yake aliishi vipi Masasi, anasoma kitabu kilichochapishwa 1897 na kisha anapanda treni kwenda Oxford. Mzao wa mwanamke aliyebeba mawe ya Maples, akatekwa, akazaa Ungonini, anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege ili asome ukurasa uleule. Nakala za picha za kurasa za Masasi kati ya 1876 na 1882, pamoja na taarifa za safari ya Porter, zingeweza kuwekwa katika Makumbusho ya Maji Maji, ambako jamaa za waliouawa 1906 tayari wanakwenda kuuliza, na nyingine zikawekwa Masasi. Kazi ya kwanza ya msomaji wa Msamala itakuwa kuandika, kando ya jina la kila babu wa ukoo wake, jina la mkewe na mahali alikotoka, hata kama wazee wanachokumbuka ni neno moja tu: mashariki.